Upana wa Vidole Sita

Kama kuna kitu Fundi Zubeiri alikijua kuliko watu wote wa Kayanga, ni chuma. Mpe habari za kahawa, atakuitikia kwa adabu tu. Mpe habari za ng'ombe, atapiga miayo. Lakini mletee ekseli iliyopinda, uone macho yake. Babu yake alitoka Pangani na robota la kaniki kichwani, baba yake akauza chumvi na mafuta ya taa, yeye akaangukia kwenye chuma, na kuanzia Kituntu hadi Nyakakika watu walikuwa wakisema, "Kikimshinda Zubeiri, katupe."

Sasa mtu wa namna hiyo akikosea kipimo, usimwonee huruma haraka. Asiyejua akikosea tunasema bahati mbaya. Zubeiri alijua. Alijua siku ile ile, saa ile ile, kipimo kikiwa mkononi mwake, na hilo ndilo lililomkondesha shingo mwaka ule wa themanini na sita.

Ilikuwa hivi. Mzee Xaveri wa Kituntu, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa na pikapu ya Pijo iliyozeeka kwa heshima, alimwagiza amtengenezee tela. Zubeiri akaipata ekseli ya gari lililoachwa porini tangu vita vya Kagera, akaijengea bodi ya mbao na vyuma, akaipaka rangi ya kijani. Tela likatoka zuri mpaka wapita njia wakawa wanasimama kulipapasa. Kilichobaki kilikuwa kuchomelea nyuma ya pikapu lile bamba lenye tundu la pini, ambapo ulimi wa tela, ule mkono wake wa mbele, hushikwa. Kazi ya saa mbili tu, lakini ndiyo kazi yenyewe. Tela la magurudumu mawili lina siri moja: ulimi wake ukae sawa kama meza. Ukiinama kupita kiasi, unaligandamiza gari. Ukiinuka, mzigo unarudi nyuma, tela linanyanyua matako ya gari, na gari likishanyanyuliwa matako kwenye mteremko, dereva anabaki ameshika usukani wa mapambo.

Xaveri alikuja Jumamosi asubuhi, na pikapu ilikuwa imejaa mpaka inahema: mikungu ya ndizi, mapipa ya lubisi, ile pombe ya ndizi, magunia ya mtama, na juu yake mashangazi wawili ndani ya vitenge vipya. Walikuwa wanakwenda Kihanga kumposea kijana wake, na mzee alitaka mbuzi wa mahari waingie ukweni wakiwa ndani ya tela jipya, ili wakwe walione. Aliyeendesha alikuwa Theoneste, mtu mrefu, mwembamba, mpole. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni. Baba alishafariki, sasa alilima na kuendesha gari kwa Xaveri, na Xaveri alikuwa amemkatia kipande cha kibanja ajenge, aishi na mama yake.

"Shusheni mzigo kwanza," Zubeiri alisema. "Napima gari likiwa tupu, napima likiwa limejaa, nachukua katikati."

Xaveri akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ngeni. "Mzigo wa ukweni haushuki njiani, waitu. Ukigusa ua wa mtu mwingine, basi umemposa binti wa huyo."

"Na Fundi mabinti anao!" shangazi mmoja akapaza sauti kutoka juu ya ndizi, na kicheko kikapasuka.

Zubeiri naye akacheka. Hapo ndipo alipoharibikia, kwenye kicheko. Alikuwa mtu wa mjini kati ya wakulima, na siku zote alipenda waseme, "Huyu ni mwenzetu, anajua desturi." Akaona haya kung'ang'ania. Akachukua kijiti chake cha kupimia, akakisimamisha chini ya matako ya gari lile lililolemewa, akatia alama kwa kisu. Shubiri mbili kamili kutoka ardhini. Akawasha jenereta, akachomelea. Alipofunga tela, ulimi ulikaa sawa kama kitanda cha bwana harusi.

"Mkirudi mnipitie," akamwambia Xaveri. "Gari likiwa tupu bamba litapanda juu. Lazima nipime upya, nilishushe."

"Tutapita, tutapita."

Na kweli walipita. Kesho yake alasiri pikapu ilirudi, tupu, watu wanaimba, binti amepatikana. Zubeiri alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Theoneste alipunguza mwendo, akapiga honi mara mbili, akatoa kichwa dirishani kungoja aambiwe. Dizeli ya jenereta siku zile ilikuwa haipatikani mpaka umbembeleze mtu, na kahawa ilikuwa bado ya moto. Zubeiri akainua mkono, akaupunga: piteni, piteni! Akasema moyoni, kesho. Enyi watu, hiyo kesho imewazika wengi.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja Theoneste akaja kwa miguu. Pale karakana palikuwa na wateja wawili, watu wazito, wafanyabiashara.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ni tela, Fundi. Linainua pua. Nikiwa sina kitu nyuma ya pikapu, naona linanivuta kiuno. Linachezacheza."

Zubeiri alijua mara moja. Moyo wake ulisema, ndiyo, ni bamba lile, mwambie alete gari. Lakini wale wateja walikuwa wanamtazama. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Wewe ni dereva au ni fundi? Shika usukani, bwana. Chuma niachie mimi."

Wateja wakacheka. Theoneste naye akacheka, kicheko cha mtu anayecheka ili asibaki nje. "Haya, Fundi. Wewe ndiye unayejua." Akashika njia yake ya Kituntu.

Wiki mbili baadaye lilitokea. Theoneste alitumwa Nyakakika kuchukua maharage. Nyuma ya pikapu walimpakilia mapipa matupu ya lubisi, mapipa ambayo yana ukubwa lakini hayana uzito. Maharage yote, magunia kumi na mawili, yakaenda kwenye tela, na juu ya magunia akaketi mama yake, Nyirabageni, ambaye alikuwa kule tangu mwanzo wa mavuno. Kwenye mteremko wa kwanza tu tela likaanza kutikisa mkia. Theoneste akakanyaga breki, breki zikashika magurudumu ya nyuma ambayo yalikuwa hayagusi ardhi vizuri, tela likajizungusha likaja ubavuni, likapinduka. Magunia yakamwagika, na bibi chini ya magunia. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili.

Waliofika kwanza walimkuta Theoneste anachimbua magunia kwa mikono, analia, na mdomo unanuka lubisi. Ni kweli alikuwa amekunywa. Kule Nyakakika walimpa nusu kibuyu, shukrani ya mavuno, nani anakataa? Lakini harufu ni harufu. Mpaka jua linatua, habari ilikuwa imeshafika Kayanga ikiwa imeiva: dereva wa Xaveri amelewa, amemvunja mama yake mzazi.

Zubeiri aliisikia dukani, ameshika mche wa sabuni. Akauweka mezani akatoka bila kuununua. Alikwenda moja kwa moja karakana, akakitazama kile kijiti. Kilikuwa kimesimama kwenye kona na alama yake moja. Zilipaswa kuwa mbili.

Siku ya tatu watu wa Xaveri wakamletea pikapu na tela atengeneze. Bodi ya tela ilikuwa imebonyea, lakini bamba lilikuwa zima kabisa, limeng'ang'ania pale alipoliweka. Akangoja waliolileta waondoke. Akasimamisha kijiti chini ya gari tupu, akaweka vidole vya mkono kati ya alama na bamba. Vinne havikutosha. Akaongeza viwili. Upana wa vidole sita.

Alikaa chini pale pale kwenye mafuta machafu. Akasema, "Ewe Mola, ni mimi." Akalisema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu.

Halafu, na hapa msimkimbie, mtu ni mtu, lilimjia wazo. Bamba analo mwenyewe. Gari analo mwenyewe. Alikate leo, alichomelee chini vidole sita, apake rangi, na hakuna kiumbe atakayejua kamwe. Akachukua msumeno wa chuma. Akaanza kukata. Msumeno ulikuwa umeshaingia kiasi cha ukucha, aliposikia nyuma yake:

"Baba watoto, tangu lini unakata kitu kizima?"

Ni mkewe, Mwaja, amemletea uji. Mwaja hakujua chuma, lakini miaka kumi na tisa ya kumletea mumewe uji pale inafundisha. Zubeiri akausimamisha msumeno. Akasema alikuwa anajaribu meno yake. Mwaja akaweka uji juu ya ngoma ya gurudumu, akamtazama usoni, akaondoka. Uji ukapoa. Tangu hapo hakulikata tena, wala hakusema. Akabaki katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Wiki mbili zikapita hivyo. Ijumaa, baada ya swala, Xaveri akaja mwenyewe.

"Jumapili, misa ikitoka, wazee wanakaa kwangu uwanja wa kahawa," alisema. "Mwenyekiti Novatus atakuwepo. Mimi sina chuki na Theoneste, nimemlea. Lakini mlevi nimwachie gari? Nimwachie kibanja? Watu watasema Xaveri anafuga mlevi. Atarudisha kibanja, aende atakakokwenda na mama yake."

"Na migomba aliyopanda?" Zubeiri aliuliza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Migomba haibebeki." Xaveri alikohoa. "Wewe uje na gari na tela tuvione vimepona. Na useme mbele ya watu kwamba chuma hakikuwa na kosa. Wapo wanaonong'ona eti tela ni bovu. Neno lako litawafunga midomo."

Basi, hebu niambie. Mtu anakuja kukuomba uapie uongo wako mwenyewe, na anakuomba kwa heshima! Zubeiri akasema, "Nitakuja." Xaveri akamshika mkono kwa mikono miwili.

Jioni ile Zubeiri hakula. Mwaja akamwekea ndizi na maharage, akayasukuma. Akamwekea chai, ikaota ngozi.

"Wewe una nini?" Mwaja aliuliza. "Kama ni mwanamke, mlete hapa tule naye, chakula kinaharibika."

Mzaha ule ungemchekesha siku nyingine. Akainama, akamweleza yote: mashangazi, kicheko, mkono wa piteni piteni, wale wateja wawili, msumeno. Mwaja alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, na kwa Mwaja hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Nikisema, nani ataniletea kazi tena?" Zubeiri alisema. "Watasema Zubeiri amemvunja bibi wa watu."

"Si umemvunja?"

Zubeiri akakisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Sikiliza. Mimi nilikwenda kumwona yule bibi hospitali Jumatano na chupa ya uji. Unajua kilichonitoa machozi? Si mguu. Mwanawe anakuja mpaka mlangoni, anaacha chakula, anageuka. Haingii. Hawezi kumtazama mama yake. Bibi anauliza wauguzi, mwanangu ana nini na mimi? Nami nikasikitika, nikasema ndiyo adhabu ya pombe." Mwaja alisimama, akaanza kukusanya vyombo kwa kelele. "Kumbe adhabu ni yako, kaibeba mwingine. Kula au usile, mimi nimeshapika."

Jumapili, uwanja wa kahawa wa Xaveri ulijaa. Wazee walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye majani, vijana ukutani. Nyirabageni naye alikuwepo. Alitolewa hospitali siku iliyotangulia, mguu umefungwa vipande vya mbao, na alikataa kabisa mwanawe ahukumiwe yeye hayupo. Watu wa kitongoji walimleta kwa engozi, ile machela ya miti miwili na kamba ambayo kule milimani ndiyo gari la wagonjwa. Waliompandisha walikuwa ndugu wawili, wafupi wote, wanalingana. Hiyo ni kanuni ya engozi ambayo hata mtoto anaijua: wabebaji walingane mabega, la sivyo mgonjwa anateleza. Theoneste alikuwa amewafuata nyuma mbali, na alipofika alikaa upande mwingine wa uwanja, macho chini.

Novatus, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa sauti nzito na maneno machache, alimwita asimame.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa, mzee."

"Una la kujitetea?"

"Sina." Theoneste akalionyesha tela kwa kidole. "Nimesikia watu wanalisema tela. Tela halina kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi nalo, nikaenda kwa Fundi, nikamuuliza, akanihakikishia. Na Fundi hawezi kunidanganya. Kwa hiyo ni mimi. Ni ile nusu kibuyu. Mama yangu nimemvunja mimi."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli! Alisema kama anavyosali mtu, anaamini kila neno. Zubeiri alikuwa amejipangia maneno njia nzima, maneno ya mzunguko, "huenda," "pengine," "chuma nacho ni kiumbe." Yote yalimwagika.

"Fundi," Novatus akasema. "Tuambie habari ya chuma."

Zubeiri alisimama. Akatembea mpaka kwenye pikapu na tela, akaviunganisha, akatia pini. Kisha akamwomba mama mmoja pera kutoka kwenye kikapu chake. Watu wakaanza kunong'ona, Fundi ameshikwa na njaa? Akaliweka pera katikati ya sakafu ya tela. Likatulia kidogo, likaanza kwenda. Likabingirika, likashika kasi, likadondoka kwa nyuma mchangani.

"Mmeliona?" alisema. "Sasa, wazee, naomba mpande nyuma ya pikapu."

"Tupande wapi?" Xaveri akaruka. "Sisi ni mbuzi?"

"Pandeni, mzee wangu. Nawaomba kwa Mungu."

Ilikuwa sauti yake iliyowapandisha. Alikwenda Novatus kwanza, kwa sababu alikuwa mwenyekiti, halafu mzee wa pili, wa tatu, wanavutana mikono, wanashika kofia, vijana ukutani wanakufa kwa kicheko. Walipofika tisa pikapu ikaanza kukaa. Walipofika kumi na wawili, Xaveri akiwa wa mwisho na fimbo yake, matako ya gari yalikuwa yameshuka kama siku ile ya ndizi. Zubeiri akaliokota pera, akalifuta mchanga, akaliweka pale pale. Halikwenda. Lilitulia mahali pake. Kicheko kikafa chenyewe.

"Hivi ndivyo nilivyopima," Zubeiri alisema. "Gari likiwa limejaa. Nilijua likiwa tupu tela litainua pua, mzigo utarudi nyuma, gari litakosa nguvu kwenye mteremko. Nilisema nitapima upya. Walipopita niliwapungia mkono kwa sababu nilikuwa nakunywa kahawa. Theoneste akaja kuniambia, kama alivyosema. Nilijua anasema kweli. Nikamcheka, maana palikuwa na watu. Lilipopinduka nilipima, nikakuta vidole sita. Nikataka kulikata bamba nifiche. Njooni mwone, alama ya msumeno hii hapa." Akaishika kwa kidole. "Aende na lubisi, aende na maji ya kisima, angepinduka tu. Angeendesha malaika angepinduka. Aliyemvunja mama huyu ni mimi."

Wazee kumi na wawili walikuwa bado wamesimama juu ya pikapu, hawajui washuke au wabaki. Ndipo mwanamke mmoja akasema, "Loo, Zubeiri!" na uwanja mzima ukalipuka. Walimsema. Walimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Mmoja akasema mtu wa mjini ni wa mjini tu, desturi ya watu ataijulia wapi. Zubeiri alisimama akayapokea yote, mikono imemning'inia.

Xaveri alishuka kwa shida. Alikuwa amekumbuka jambo, na uso wake ulionyesha. "Nilikataa kushusha mzigo," alisema polepole.

"Ulikataa, mzee," Zubeiri alisema. "Lakini wewe ni mkulima. Fundi nilikuwa mimi."

Xaveri akachora mchanga kwa fimbo. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Kibanja ni cha Theoneste. Na gari aendelee." Novatus akaitikia kwa kichwa, na kikao kikaisha hivyo hivyo, wazee wanatelemka mmoja mmoja.

Lakini Theoneste alikuwa hata hakusikia habari ya kibanja. Alimwendea Zubeiri, akasimama mbele yake, mrefu vile, na Zubeiri akajiandaa kupigwa. Alitamani apigwe.

"Si lubisi?" Theoneste aliuliza.

"Si lubisi."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Theoneste akageuka, akavuka uwanja kwa hatua kubwa, akapiga magoti kando ya engozi, akauweka uso wake kwenye kiganja cha mama yake. Mabega yakawa yanatikisika. Nyirabageni akampapasa kichwa, akisema kwa Kinyarwanda, "Mwana wanjye, mwana wanjye. Ulikuwa wapi?"

Zubeiri aligeuza uso. Siku kumi na nane alimnyima bibi huyu mwanawe, na huo mfupa hakuna wa kuufunga mbao. Wala hakuna jenereta la kuuchomelea.

Jua likasogea. Watu wakaanza kwenda. Wale ndugu wawili wakaja kubeba engozi, lakini Theoneste akasema mbele atabeba yeye, mama yake ni wake. Ikawa tatizo. Theoneste ni mlingoti, na hapo hapakuwa na mwingine wa urefu wake. Wakawa wanatazamana.

"Nitabeba nyuma mimi," Zubeiri alisema.

"Wewe?" ndugu mmoja akasema. "Umemwangusha mara moja haitoshi? Wewe mfupi, yeye mrefu, atateleza!"

Zubeiri alijua jibu, lakini siku hiyo hakuwa na uso wa kumfundisha mtu kipimo. Aliyejibu alikuwa bibi, amelala, macho yake mbinguni.

"Kwenda nyumbani ni kushuka," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Kwa kushuka, mrefu anakaa mbele, mfupi anakaa nyuma. Mwacheni abebe."

Wakanyanyua. Theoneste mbele, miti mabegani; Zubeiri nyuma, upande wa kichwa. Njia ya kwenda kwenye kibanja ilikuwa nyembamba, inapita kati ya migomba, mawe yanateleza. Kwa vile bibi alilala chali, uso wake ulikuwa chini ya uso wa Zubeiri moja kwa moja. Zubeiri hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Kila alipoinamisha macho aone mguu unakanyaga wapi, aliyakuta macho yale yanamngoja.

"Mama," alisema, pumzi inamkatika. "Mama, nisamehe."

Bibi hakujibu. Walipita mgomba mmoja, wakapita wa pili. Zubeiri alijua kuwa anaweza asijibiwe leo, na anaweza asijibiwe maisha yake yote, na akaona ni haki. Akatafuta neno jingine. Lilikuwa moja tu, na alipaswa kuliuliza zamani sana.

"Umelala sawa, mama?"

Nyirabageni alifikiri.

"Kichwa kiko juu," alisema. "Shusha kidogo."

Zubeiri akaitoa miti mabegani, akaishika kwa mikono mitupu, chini zaidi, mahali ambapo uzito wote huingia kwenye viganja. Akaibeba hivyo mpaka mlangoni kwa bibi.